Doa la Mtakatifu Dobi

Doa lenyewe lilikuwa dogo, halizidi punje ya haragwe, rangi yake kahawia, limekolea pembeni na kufifia katikati. Mama Dobi alilikuta Jumanne asubuhi akichambua furushi la kanisa sakafuni: nyeupe huku, za rangi kule, zenye nta ya mshumaa pembeni zisubiri gazeti na pasi. Akakunjua kitambaa cha mahameli kilichonuka mende, na ndani yake kikadondoka kitambaa kingine, cha kitani, kikuukuu, kipana kama kiganja, kimekunjwa mara nne. Akakiinua dirishani kwenye mwanga. Alipoliona lile doa moyo wake ukachangamka.

Kuna wanawake wanaopenda ugomvi na majirani. Yeye ugomvi wake wote alikuwa ameuhamishia kwenye madoa. Nguo chafu tu ilimchosha; uchafu wa kawaida hauna akili, ukiupiga sabuni unakimbia. Lakini doa kongwe, lililokaa likazoea, lenye kiburi chake, hilo lilimfanya akunje mikono ya gauni na kuomba asisemeshwe.

Akaanza na maji baridi na sabuni ya kipande, maana maji ya moto hulipika doa likanasa milele. Halikutikisika. Akalijaribu kwa magadi. Likamtazama. Akaligusa na spiriti kwa pamba, kidogo kidogo, kama anayepaka mtoto dawa ya jicho. Wapi. Ndipo akakata ndimu, akaiminya pale pale, akanyunyiza chumvi, akakitandaza kitambaa juu ya bati penye jua, akaenda kusuuza kanzu za padre. Aliporudi doa lilikuwa limepauka kama mgonjwa. Akaongeza ndimu ya pili. Wanga wa kutia kwenye vitambaa vya altare ulipokuwa umepoa, doa halikuwepo. Akakisuuza mara tatu, tone la buluu ya kufulia, pasi ya wastani juu ya kitambaa chenye unyevu, akakikunja mara nne kama alivyokikuta. Akakiweka juu kabisa ya furushi, mahali ambapo mtu akifungua atakiona kwanza.

Mwaka wa tisa huo anafulia kanisa. Furushi lile ndilo lililoishikilia nyumba, kwani madobi wengine wa mtaa ule walikuwa wakipigania mashuka ya gesti na magwanda ya gereji. Upande wa pili wa barabara palikuwa na mwenzake mmoja aliyenunua mashine ya kufulia, na tangu siku hiyo watu wakaacha kumwita jina lake, wakamwita Mama Mashine. Kila Jumanne furushi la kanisa likipita, Mama Mashine alisimama mlangoni kulisindikiza kwa macho.

*

Mtunza sakristia alifika adhuhuri. Watu walimwita Mzee Funguo kwa sababu ya funguo kumi na saba alizovaa kiunoni, ambazo sita tu ndizo zilizokuwa na kufuli. Siku zote mlio wake ulifika kabla yake. Siku hiyo alikuwa amezishika kwa mkono zisilie.

Akakataa kiti, akakataa maji, akaanza kuulizia afya ya kila mtu wa nyumba ile, hadi mabinti waliokwisha kuolewa na kuhama. Mama Dobi akamwacha azunguke. Mwishowe mzee akauliza, huku akitazama dari, kama kwenye lile furushi palikuwa na kitambaa kidogo hivi.

"Kipo," akasema Mama Dobi. "Nimekishughulikia mwenyewe. Kilikuwa na doa."

Mzee Funguo akaketi juu ya mashuka ya gesti.

"Kilikuwa," akasema.

Akapewa. Akakigeuza huku na huku, akakichungulia nyuma, kama ambaye anadhani doa limejificha tu na litatoka likiitwa vizuri. Kisha akaeleza, na maelezo yake yalikuwa na kona nyingi, lakini ukiyanyoosha yalikuwa hivi. Padre mpya, mwenye miezi mitatu tu pale, alikuwa mtu wa usafi. Kabla ya kukaa alifuta kiti kwa leso. Wiki iliyopita aliingia sakristia, akanusa, akaandika kwenye karatasi kwamba kabla ya sikukuu ya mtakatifu vitambaa vyote viende kwa dobi. Vyote, na chini yake akapiga mstari. Mzee Funguo akauliza kama vyote ni vyote kabisa. Padre akamjibu, mbele ya akina mama wa kwaya, kwamba hilo ni swali la mtoto wa darasa la kwanza, na afanye alivyoandikiwa.

"Basi nikafanya nilivyoandikiwa," akasema mzee. "Nikafungua kisanduku cha masalia ya mtakatifu, nikatoa mahameli na kilichokuwa juu yake, nikaviringisha."

Mama Dobi akashika meza ya pasi.

"Nilijua utakitambua tu," akaendelea mzee kwa unyonge. "Kwani umekibusu miaka mingapi?"

"Nakibusu nimefumba macho, Mzee. Nani anabusu mtakatifu huku amekodoa?"

*

Habari za mtakatifu mwenyewe ni chache, na hizo chache hazipatani. Kitabu kikubwa cha watakatifu, kile chenye kurasa za kumtosha kila mmoja, kilimpa mistari mitatu, na mmoja kati ya hiyo ulihusu mji alikozaliwa. Alikuwa mwanamke, alikuwa dobi, aliishi zamani zile Wakristo walipokuwa wakiliwa na simba. Aliwafulia wafungwa wa imani bila malipo. Liwali wa mji akampelekea joho lake alifue, akalivae akatoe sadaka kwa masanamu, naye akakataa. Akafungwa kitambaa machoni, akakatwa kichwa. Tone moja la damu likabaki kwenye kitambaa. Ndivyo kanisa lilivyosema.

Madobi walikuwa na habari yao. Wao walisema hakukataa hata kidogo, kwa maana dobi gani anakataa kazi ya liwali. Alilifua. Ila lilikuwa la sufu, naye akalitia maji ya moto. Liwali akasimama mbele ya watu na joho limesinyaa, linamfika kitovuni. Kwa hiyo kanisa lilisema amekufa kwa ajili ya imani, na madobi walisema amekufa kwa ajili ya sufu, na kila upande ulimheshimu kwa sababu zake.

Kitambaa kililetwa na mapadre wa kwanza, kwenye kisanduku cha shaba chenye kioo. Mbele yake walipiga magoti wenye madoa ya kila aina: wake waliokuta rangi ya mdomo kwenye kola za waume zao, waume wenyewe, wanafunzi waliomwagia wino vitabu vya watu, na mheshimiwa mmoja wa baraza la mji aliyekuwa na kesi na alitaka jina lake litakate. Kesi iliisha, faili lilipotea, akaleta mishumaa katoni nzima.

Na siku moja tu kwa mwaka, siku ya sikukuu, sanamu ya mtakatifu na beseni lake ilitolewa ikazungushwa mtaani, na sheria ilikuwa kwamba haibebwi na mtu yeyote asiye dobi. Siku hiyo askari alisimamisha magari ili wapite watu ambao siku nyingine zote walipita uani. Sikukuu yenyewe ilikuwa Jumapili ile inayokuja.

*

Kabla ya kuondoka Mzee Funguo alikuwa na ombi. Aliyelitoa doa anajua lilivyokaa, akasema, basi alirudishe. Mama Dobi akamwambia atafikiri, akakichukua kitambaa mkononi mwake, akamsukuma polepole mpaka nje.

Mumewe alikuwa chumba cha nyuma. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi na kuogopa, na zote mbili alizifanya kwa bidii. Alipoambiwa, aliogopa kwanza laana, halafu akaogopa kufukuzwa kanisani, halafu akamwogopa Mama Mashine, na hofu hii ya tatu ndiyo iliyomfanya aweke pasi chini. Akauliza furushi lile likiondoka watabaki na nini. Akajijibu mwenyewe: mashuka ya gesti. Akauliza gesti nayo ikisikia kwamba dobi wao amemfuta mtakatifu. Akaichukua tena pasi.

Pale kwenye kizingiti alikuwa amekaa mama yake, Bibi, akichagua vifungo kwenye kopo. Masikio ya Bibi yalikuwa na tabia: aliloambiwa halikusikika, asiloambiwa halikumpita. Yeye ndiye aliyekuwa dobi wa mtaa kabla mikono haijakataa, na mke wa mwanawe alifundishwa kazi na yeye. Tena hakuna aliyempenda mtakatifu kama Bibi. Katika familia walikuwa wakimwomba Mungu. Bibi alimwomba dobi mwenzake, kwa mambo madogo madogo, na Mungu alimwachia makubwa.

"Limetoka kwa nini?" Bibi akauliza.

Mama Dobi akageuka. "Kwa ndimu na chumvi, Mama. Juani."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Bibi akakirudisha kwenye kopo kifungo alichokuwa amekishika. Wanawake wawili wakatazamana, na mwanamume akatazama mmoja akatazama mwingine, kwani mpiga pasi hukutana na nguo vita vikiwa vimekwisha.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza.

"Damu ikikaa mwaka mmoja ndimu haiwezi kuitoa," mama yake akamwambia. "Sembuse hiyo ya enzi za simba. Ndimu na chumvi inatoa kutu, baba. Hicho kitambaa kililala na msumari mahali."

Nje gari la maji likapita likipiga honi.

"Mwaka ule goti langu lilipovimba," Bibi akasema, "nilikibusu, nikatembea mpaka hapa bila fimbo."

"Ndiyo, Mama. Nilikuwa nawe."

"Basi nilitembea."

Alilisema hilo kwa ukali, kama kwamba anamjibu mtu wa nne. Kisha akavuta kopo lake, akachagua tena vifungo kwa muda, na alipoinua uso alikuwa amekwisha kupata njia. Kitambaa kisitiwe kitu. Mke wa mwanawe aende kwa padre, lakini asiende ofisini. Aende Alhamisi, kwenye maungamo.

"Ukimwambia ofisini, ni kosa lako," Bibi akasema. "Ukimwambia kwenye kitubio, ni siri yake. Hawezi kuisema, hawezi kukuuliza nje, hawezi kukunyang'anya hata leso kwa ajili ya hilo. Akifanya hivyo upadre wenyewe unaondoka."

"Mama, huo ni ujanja," akasema Mama Dobi. "Padre hafanyiwi hivyo."

"Kwani umetenda dhambi, hujatenda?"

"Sijui."

"Basi kamwulize. Ndiyo kazi aliyosomea."

*

Alhamisi alasiri foleni ya maungamo ilikuwa fupi. Mama Mashine alikuwa mbele yake, amevaa miwani mipya yenye fremu nyekundu. Wakasalimiana kwa heshima zote. Mama Mashine akamuulizia mgongo, akasema anamwonea huruma, kuinama kwenye karai umri huu. Akasema amesikia padre mpya ni mtu wa usafi wa kisasa, na usafi wa kisasa siku hizi ni mzunguko wa dakika arobaini. Kisha akaingia kuungama, na hakukaa sana. Alipotoka alitabasamu.

Mama Dobi akapiga magoti. Kwenye wavu palikuwa na kivuli cha padre na harufu ya sabuni ya gharama.

"Nimeharibu kitu cha kanisa, Baba."

"Umekiharibu vipi?"

"Nimekifua."

Padre akangoja kuona kama kuna zaidi. "Kufua si dhambi, Mama."

"Inategemea, Baba."

Akamweleza yote, kuanzia mahameli mpaka buluu. Upande wa pili wa wavu kiti kikalia. Padre akauliza, kwa sauti iliyokuwa imeshuka, imekuwaje kitu kile kikafika kwa dobi, na nani mjinga aliyekiweka kwenye furushi. Mama Dobi akasema yeye hakuja kuungama dhambi za watu wengine, ila alichosikia ni kwamba paliandikwa karatasi ikasema vyote, na chini yake pakapigwa mstari.

Kiti kikalia tena.

"Damu ya mfiadini," padre akasema taratibu, akitafuta pa kushika, "iliyokaa karne zote hizo. Ikatoka kwa ndimu."

"Damu haitoki kwa ndimu, Baba. Inayotoka kwa ndimu ni kutu."

Mtu aliyekuwa akingoja nyuma akakohoa kuwakumbusha. Mama Dobi alianza kumhurumia yule kijana. Maana alikuwa kijana tu, mdogo kuliko mwanawe wa kwanza, na alikuwa amekaa kwenye kisanduku cha mbao na habari ambayo hana pa kuitua.

"Mama," akasema mwishowe, "kwa nini hukuja ofisini?"

"Ofisini kuna karani, Baba."

"Unaweza kuja kesho ukaniambia haya haya? Tukiwa wawili tu?"

"Kesho ninaweza kuwa nimesahau. Umri huu."

Padre akavuta pumzi. Malipizi aliyompa yalikuwa rozari nzima tatu, na Mama Dobi alijua kwamba hata yule mwanamke aliyemchukua mume wa kiongozi wa kwaya alipewa moja. Kisha padre akaongeza kwamba ni lazima arudishe alichokiondoa.

"Kitambaa, Baba, au kutu?"

"Kitambaa, Mama. Tafadhali. Kitambaa."

*

Alikirudisha Jumamosi asubuhi, ndani ya bahasha safi, ndani ya kifua cha gauni. Mzee Funguo alimfungulia mlango wa sakristia akafunga nyuma yake kwa funguo mbili. Kisanduku cha shaba kilikuwa wazi mezani, kimesuguliwa kinang'aa. Kando yake palikuwa na chupa ya jemu, na ndani ya chupa siki iliyokuwa imegeuka rangi ya chai, na ndani ya siki misumari mitatu. Alikuwa ameiloweka tangu Jumanne. Alikuwa hata ametafuta brashi, ile nyembamba ya kuchorea macho ya malaika wa Noeli.

Mama Dobi akachovya brashi, akaijaribu kwenye karatasi. Rangi ilikuwa yenyewe kabisa. Aliweza kulichora lile doa akiwa amefumba macho. Alikuwa ameshinda nalo asubuhi nzima, analijua kona zake kuliko kona za uso wa mumewe. Akainamisha brashi juu ya kitambaa.

Mlango wa ndani ukafunguka, padre akaingia. Akaiona chupa. Akaiona misumari na brashi. Akawaona wazee wawili wameganda. Akasema samahani, alikuwa akitafuta miwani yake, bila shaka ameisahau nyumbani, akatoka nyuma nyuma mpaka akagonga kisogo kwenye fremu. Miwani ilikuwa usoni pake.

"Hakuona," Mzee Funguo akanong'ona.

"Aliona. Hana ruhusa."

Lakini mkono ulikuwa umekwisha kupoa. Mama Dobi akaisuuza brashi, akaiweka.

"Watu wananiletea madoa yao tangu nikiwa msichana," akasema. "Sijamrudishia mtu hata moja. Sitaanza na huyu."

Mzee Funguo akaketi kwenye kiti cha waimbaji, akaweka funguo zake zote mapajani, akaanza kuzihesabu kwa kidole bila sauti. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kanisa, hatua nane kutoka pale, kitanda na jiko la mafuta, na hakuwa na kingine popote. Akasema, kwa utulivu uliomuuma Mama Dobi kuliko kilio, kwamba kesho watu wakiona, kitu cha kwanza watakachouliza ni nani mwenye ufunguo.

"Wakiuliza, sema nilikuomba nikione nikaondoka nacho," Mama Dobi akamwambia. "Sema nilikuibia. Mimi nina mume na nyumba, Mzee. Wakinifukuza nitarudi kwenye mashuka ya gesti. Wewe utarudi wapi?"

Akakitandika kitambaa juu ya mahameli, akakinyoosha kwa kidole mpaka mkunjo wa mwisho ukalala, akafunga kioo.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka ngazini. Madobi walikuwa viti vya mbele, wamejipiga wanga hata waliokuwa na mwili wa kulegea walikaa wima. Sanamu ilikuwa pembeni kwenye machela yake, na beseni lake, na pua yake iliyovunjika ikarekebishwa kwa saruji ikawa kubwa kuliko ile ya kwanza.

Baada ya misa padre akashuka na kisanduku, akasimama katikati, watu wakaanza kupita kubusu. Mzee Funguo alisimama kando akifuta kioo kwa kitambaa kila baada ya midomo. Mama Dobi alikuwa ameomba nafasi ya pembeni, kiti cha tatu. Alihesabu ishirini wamepita. Hamsini. Mheshimiwa wa baraza la mji akapita, akabusu, akajifuta kwa leso. Wote waliinama wakafumba macho, mwah, wakaondoka wamebarikiwa. Hakuna aliyeona. Akashukuru, na baada ya kushukuru, akaanza kuudhika kidogo. Kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya ilikuwa imewekwa kwenye kioo mbele ya watu mia tatu, wala hakuna aliyegeuza hata shingo.

Mumewe akapita; kwa woga alikosa kioo akabusu kidole gumba cha padre. Bibi akafuata na fimbo yake. Yeye hakufumba macho. Alikitazama kile kitambaa muda mrefu, kama unavyomtazama mtu uliyeishi naye akatoka kunyoa ndevu. Kisha akambusu mtakatifu wake, akarudi mahali pake taratibu.

Ndipo ikaja zamu ya Mama Mashine, na miwani yake mipya.

Akainama, midomo tayari. Akasimama hapo hapo nusu njia. Foleni nyuma yake ikagongana. Akaisukuma miwani juu ya pua, akaangalia, akasogea, akaangalia tena. Padre hakuweza kuondoa kisanduku wala kukisogeza. Jasho likaanza kumtoka chini ya nywele likashuka shingoni. Mama Mashine akainua kichwa, akakitembeza juu ya viti, mpaka macho yake yakatua kiti cha tatu. Hakubusu. Akatoka kwenye foleni, akaja moja kwa moja, akajibana kwenye benchi kando ya Mama Dobi kama wanavyobanana mashoga.

"Ulitumia nini?" akanong'ona.

Neno moja tu la mwanamke yule hapo nje ngazini, na kabla ya jua kutua furushi la kanisa lingekuwa kwenye mashine, na Mzee Funguo barabarani na jiko lake. Mama Dobi alilijua hilo. Alijua pia kwamba njia ya kuponea iko wazi mbele yake, pana na rahisi: aseme hakutumia kitu, amekikuta hivyo, mtakatifu mwenyewe amejifulia. Watu wangeimba. Mwakani wangejenga kanisa la pili. Lakini aliulizwa na dobi, swali la kidobi, na mdomo wake ukakataa kusema upuuzi mbele ya mtu anayejua kazi.

"Ndimu na chumvi," akajibu. "Mara mbili, juani."

Mama Mashine alikuwa na mashine, ndiyo, lakini kabla ya mashine alikuwa na karai miaka kumi na minane, na jibu lile lilipoingia lilienda moja kwa moja mahali pake. Mama Dobi aliliona linafika. Aliona mdomo wa mwenzake ukitamka bila sauti lile neno, kutu. Mama Mashine akatazama foleni ya watu wanaobusu. Akamtazama Bibi aliyekuwa anasogeza shanga za rozari. Akaitazama sanamu kwenye machela, na wanawake sita walioanza kukunja kanga mabegani kwa ajili ya miti ya machela, na mlango ulio wazi, ambako askari alikuwa amekwisha kunyoosha mkono na magari yamesimama.

Akanyanyuka. Akaenda mwisho wa foleni, nyuma ya watu wote, akangoja zamu yake upya. Ilipofika aliinama akabusu kile kioo kwa nguvu, mlio wake ukasikika mpaka kwaya.

*

Kwenye machela walipangwa pamoja mbele, bega kwa bega, kwa kuwa walilingana kimo. Wakatoka nje kwenye jua. Wimbo ulipofika kiitikio, kelele zikawa nyingi, Mama Mashine akasema bila kugeuza shingo:

"Hata mimi ningelitoa."

"Ungelitia mashine, ukatoa na kitambaa."

"Ningelitoa. Kwa mkono."

"Labda," Mama Dobi akakubali.

Wakaenda hatua kadhaa. Sanamu iliyumba, wakaiweka sawa. Mbele yao padre alitembea na kisanduku chake, amekishika kifuani kwa mikono miwili, hatazami nyuma kwa lolote.

"Lakini furushi lako bado lina kasoro," Mama Mashine akaanza tena, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya siku zote, ya mlangoni. "Nimekaa nimeangalia misa nzima. Vitambaa vya altare sawa. Kanzu sawa. Mtazame huyo padre kwenye kola. Imelowa, imeshika njano mpaka mgongoni. Mtu anapewa kazi ya kanisa halafu anamtoa padre siku ya sikukuu na kola ya namna hiyo?"

Mama Dobi akatazama. Ilikuwa kweli. Akahamisha uzito wa mtakatifu kwenye bega la pili.

"Ile kola niliitoa nyeupe," akasema. "Hilo jasho ni la leo."